Jina Kwenye Kiti

Ukitaka kujua watu wanavyoishi, usiwaulize. Fungua kiti wanachokalia. Mimi ni fundi wa viti vya pikipiki. Nachana kava la zamani, natoa sponji, naiosha au naitupa, nashona kava jipya. Kibandani kwangu kunanuka gundi na makalio ya watu, na sioni sababu ya kulisema hilo kwa adabu zaidi.

Siku hizi pua inanitosha kujua pikipiki inatoka wapi. Ya shamba inanuka maziwa yaliyochacha, udongo na kuku. Kava lake limechanika nyuma, pale kamba ya magunia inaposugua, na mara nyingine nakuta punje ya mahindi imeota ndani ya sponji. Ya mjini inanuka jasho la watu wasiojuana, manukato ya kubahatisha, na matapishi ya mlevi yaliyofutwa kwa gazeti. Chini ya kiti kuna chingamu. Mtu mzima anatafuna, anaona haya kutema barabarani, anaibandika pale atakaposhika mwenzake. Nimezoea. Uchafu wa sponji unatoka kwa sabuni na jua.

Usiotoka ni ule wa kaka yangu.

Kaka yangu mkubwa anaitwa Bwana Mkubwa na kila mtu: madereva wake, mkewe, hata mama aliyemzaa. Ana pikipiki za abiria zaidi ya ishirini hapa mjini, na hajui kuendesha hata moja. Hajawahi hata kupakiwa nyuma. Anasema zinachafua suruali. Wanaoziendesha kutwa kwenye jua na mvua hawamiliki hata kioo cha pembeni, na akikasirika anamshusha dereva katikati ya barabara, ufunguo anampa mwingine. Ndivyo mjini kulivyo: anayeendesha si mwenye nayo, na mwenye nayo haendeshi.

Kwetu kilimani mambo yalikuwa kinyume. Pikipiki ilikuwa moja, na wenyewe walikuwa kilima kizima. Huyu aliuza mbuzi, yule akatoa maharage, mjane wa bondeni akaleta majogoo wake, mimi nikatoa kiti. Ufunguo ulining'inia kwenye msumari nje ya mlango wa mama. Mwenye shida aliuchukua bila kubisha hodi, akaenda safari yake, akairudisha pikipiki imefutwa vumbi na ina mafuta. Hakuna aliyeandika wala aliyelinda. Ukiirudisha chafu, kina mama walikuimba kisimani mpaka ukome.

Tuliinunua kwa sababu ya wifi yangu, mke wa kitinda mimba wetu. Mimba yake ya kwanza ilipofika siku zake, wanaume walimbeba kitandani, wakipokezana, kumteremsha hadi zahanati. Mtoto alifia njiani. Wifi hakulia mbele ya watu; alirudi nyumbani juu ya kitanda kilekile. Kwa hiyo kile kiti nilikishona kwa akili zangu zote. Nilikifanya kipana, nikakiwekea mgongo wa kuegemea, nikaunga na mkanda wa turubai wa kumfunga mgonjwa asiyeweza kujishika. Katikati ya sponji nikalaza kipande cha blanketi la kijani la mama, kupunguza mitikisiko. Tangu hapo hakuna mgonjwa wa kilimani aliyebebwa kitandani.

Kosa lilikuwa kwenye kadi ya umiliki. Siku ya kununua, wazee waliulizana iandikwe jina la nani, maana kilima kizima hakiandikiki. Wakasema mzaliwa wa kwanza yuko mjini, ana anwani, ana sanduku la posta, tena ni mkubwa, na jina la mkubwa ni jina la wote. Wakapiga makofi. Kosa la namna hiyo hulifanya watu wenye heshima tu.

Mwanzoni mwa mvua, nami nikiwa nimekwenda nyumbani, Bwana Mkubwa alikuja kututembelea kilimani. Gari aliliacha chini, kwa kuwa njia yetu haipandi gari, akapanda kwa miguu akihema, kitambaa puani. Akaizunguka pikipiki, akaigusa kwa ncha ya kiatu.

"Mmeitesa hii," akasema. "Naipeleka mjini ikatengenezwe, ipakwe na rangi."

Mama akamshukuru, akambariki, akamfungia na kuku. Dereva wake akaiteremsha. Wakati huo wifi alikuwa mjamzito tena, tumbo ndiyo kwanza linaanza kuonekana.

Kila nilipomuuliza, jibu lilikuwa lilelile: iko kwa fundi wa rangi. Rangi gani hiyo isiyokauka? Tumbo la wifi likazidi kukua, na pikipiki haikupanda kilima.

Kisha akaamua kugombea uenyekiti wa chama cha wenye pikipiki. Ukiingia kwenye mkutano wa chama hicho hutaona mtu hata mmoja mwenye vumbi. Akataka viti vya pikipiki zake zote vivalishwe kava jipya jeusi, na kila kimoja kishonwe kwa uzi wa njano: BWANA MKUBWA. Kazi akanipa mimi. Damu nzito kuliko maji, akasema, akiwa na maana kwamba ndugu hadai bei kamili.

Wa kwanza kuja kibandani alikuwa dereva mmoja mwenye ndevu za mvi tunayemwita Redio, maana hazimiki.

"Fundi, mgonjwa huyu hapa," akasema, akiifungua boliti ya kiti. "Ukikalia hiki unasikia mpaka kwenye magego."

Nikapitisha wembe. Chini ya kava palikuwa na sponji pana mno kwa pikipiki ya mjini, imepunguzwa pembeni kwa kisu ili ionekane nyembamba. Nikaipasua. Blanketi la kijani likatokeza. Pembeni vilibaki vipande viwili vifupi vya turubai: mkanda wangu, umekatwa kama kitovu.

"Hii pikipiki umeitoa wapi?"

"Ya Bwana Mkubwa, itoke wapi tena? Nimepewa tangu mvua zilipoanza. Ilikuja ya bluu, tukaipiga nyekundu. Kwani vipi, ina mashetani?"

"Kwa fundi wa rangi ilikaa muda gani?"

"Fundi gani? Rangi ya kopo hiyo, dada yangu. Asubuhi tumepaka, jioni nimepakia abiria."

Hasira ilikuja baadaye. Kwanza niliona kinyaa, kama mtu aliyemeza tonge kisha akaona funza sahanini.

Nilikwenda kwake na gundi mikononi. Nikamkuta sebuleni, miguu kwenye beseni la maji ya moto, bakuli la karanga mapajani, mkewe amepiga magoti anamsugua visigino. Katikati ya sebule, mahali ambapo wengine huweka meza, pana pikipiki mpya isiyotolewa plastiki. Haijawahi kuguswa na barabara. Ni pambo, na mgeni anatakiwa aisifie kabla ya kukaribishwa kiti.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Usikanyage zulia."

"Pikipiki ya kilimani iko kibandani kwangu. Redio kaileta."

Hakushtuka. Alitoa mguu mmoja majini, akaukagua, akaurudisha.

"Ya kilimani?" akasema. "Kwani kadi ina jina la kilima?"

"Ina jina lako kwa niaba ya watu."

"Kadi haina mahali pa kuandika niaba, dada. Hebu nikuelimishe. Pikipiki kijijini inakufa bure. Inabeba wagonjwa na kuku. Hapa mjini inazaa. Mimi naangalia maendeleo ya ukoo."

"Wifi anakaribia siku zake. Na unajua yaliyompata mara ya kwanza."

"Wanawake wamezaa tangu dunia iumbwe. Pikipiki zimekuja juzi."

Akacheka, na kipande cha karanga kikamruka mdomoni, kikatua juu ya mkono wangu. Akanisogezea bakuli. "Kula karanga," akasema.

Niliona kichefuchefu cha kweli, kile kinachojaza mate mdomoni. Kipande kile sikukifuta mpaka nilipofika nje, maana nilitaka kukikumbuka. Mkewe muda wote hakuinua kichwa. Alikuwa anautunza ule unyayo kama kitu cha ibada.

Nikampigia mama. Nilidhani yeye, aliyetoa blanketi lake, ataelewa.

"Usimwaibishe kaka yako kwa watu," mama akasema. "Mkubwa jalala, mwanangu."

Nilitaka kumjibu kwamba jalala hupokea taka za watu, halichukui mali zao. Nikakata simu, nikarudi kibandani.

Kesho yake madereva walileta viti kama walivyoagizwa. Nikavipokea kwa tabasamu, nikavipanga mpaka vikagusa bati. Kisha sikushona hata kimoja. Nilikaa juu ya rundo, mikono kifuani, nikamwita Redio.

"Kamwambie bosi wako viti vyake ninavyo mimi. Havitoki hapa mpaka ile ya kilimani ipande kilima."

Redio akaipeleka habari. Kama kawaida yake, mji mzima uliisikia kabla haijamfikia mwenyewe. Pikipiki zikasimama kijiweni bila viti, vyuma vitupu, na madereva wakalala kivulini kwa furaha ya watoto siku shule imefungwa. Mmoja alijaribu kufunga gunia lenye nyasi. Abiria akamuuliza kama amepakia mbuzi.

Bwana Mkubwa alikuja mwenyewe, kwa mara ya kwanza tangu nifungue kibanda. Akavuka mtaro kwa kunyanyua suruali kwa vidole viwili, kitambaa puani. Nilikuwa nimezianika sponji zote nje kwa makusudi, na jua lilikuwa limezichemsha vizuri: zenye madoa ya njano, zenye madoa ya kahawia, na moja ambayo sipendi kueleza ilikuwa na nini.

"Watu wanakalia hivi?" akauliza, sauti imebanwa na kitambaa.

"Ndivyo unavyopata karanga, kaka."

Tukatazamana kwa kinyaa, kila mmoja na chake, na yeye ndiye aliyeangalia pembeni.

"Basi ichukue," akasema. "Ipeleke. Lakini na yenyewe iwe na jina langu kwenye kiti, kubwa, wajue nani kawasaidia. Na ufunguo akae nao mama. Sitaki mali yangu ining'inizwe msumarini kama chupi."

Nikakubali, na viti vya wengine nikavishona, nikavirudisha. Jina ni uzi tu, nikajiambia. Nikarudisha upana wa sponji na kipande cha blanketi mahali pake, nikaunga mkanda mpya wa turubai, nikashona lile jina kwa uzi wa njano. Kila nilipovuta sindano nilisikia karanga zikitafunwa.

Redio alinipandisha kilimani mwenyewe, akiongea njia nzima, na vigelegele vilitupokea kuanzia kisimani. Wifi alitoka nje ameshika kiuno, tumbo limemtangulia. Hakupiga kelele kama wengine. Aliuendea mkanda, akauvuta kwa nguvu, akauvuta tena.

"Huu hautakatika," nikamwambia.

"Naona," akasema, na mkono wake ukakaa pale kwa muda.

Mama naye aliona jina. Alilipitishia kiganja kama anayempapasa mtoto kichwani. Kisha akachomoa ufunguo, akautia kifuani.

"Mama, ufunguo una mahali pake."

"Una mwenyewe," akanijibu. "Kaka yako kaniambia, atakayeihitaji pikipiki apigiwe kwanza yeye."

Nikawatazama watu. Nilingoja mmoja wao aseme kitu, yule wa mbuzi au yule wa maharage. Walitikisa vichwa kukubali. Msumari ulikuwa mtupu ukutani, na chini yake kulikuwa na doa jeusi la vidole vya watu wa miaka yote ile.

Redio akashuka kwa miguu kutafuta lori la kumrudisha mjini. Mimi nikabaki kumngoja wifi ajifungue. Siku iliyofuata mjane wa bondeni alikuja na mjukuu mwenye homa mgongoni. Huyu mjane, ambaye majogoo wake walinunua pengine tairi zote mbili, alisimama mlangoni akapiga hodi, mikono ameikutanisha kama ombaomba. Mama akapiga simu. Bwana Mkubwa akasema ngoja nimalize kula. Mjane akangoja kibarazani, mtoto akitetemeka, na ruhusa ilipokuja akasema asante, akasema tena asante, akapiga na goti. Nilitamani kumtikisa. Kaka yangu alikuwa amechukua pikipiki kwa miezi michache tu. Hiki alichokileta badala yake kingekaa kilimani miaka.

Uchungu ulimshika wifi asubuhi moja, akiwa anachambua maharage. Uliingia kwa kasi. Kitinda mimba wetu akatoka mbio kwenda kwa mama, na alipokawia kurudi nikamfuata.

Nilimkuta mama amesimama juu ya jiwe nyuma ya banda la kuku, mahali panaposhika mtandao vizuri zaidi, simu sikioni.

"Hapokei," akasema.

"Mama, lete ufunguo."

"Subiri. Atakuwa mkutanoni. Napiga tena."

"Mama, mtoto anakuja!"

"Nimeahidi. Unataka nionekane mwongo kwa mwanangu?"

Kitinda mimba alikuwa pembeni, anaisokota kofia yake mikononi. Mwanamume mzima, mwenye misuli ya jembe. "Labda tungoje kidogo, dada," akasema. "Pengine ataona simu."

Sikujua kama nimpige kofi au nitapike. Ndipo wifi akatokea kwenye kona ya nyumba, amejishikiza ukutani, jasho linamtiririka. Alikuwa amesikia yote. Hakumlaumu mtu.

"Leteni kitanda," akasema.

Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeomba kigoda. Alikuwa ameshakubali. Sijawahi kusikia neno lililonichoma kama hilo.

Nikachukua spana kwenye kikapu changu, nikakifungua kiti. Nimewaona madereva waliopoteza funguo wakifanya kazi hiyo mbele ya kibanda changu mara nyingi mno. Chini ya kiti kuna waya mmoja, ukiuchomoa injini haina tena habari na ufunguo. Usukani haukuwa na kufuli, lilikufa zamani. Nikachomoa, nikarudisha kiti, nikapiga kiki. Ikawaka.

Mlio wa injini ulimwamsha kitinda mimba. Akatupa kofia, akarukia usukani. Tukampakia wifi katikati, nikampitishia mkanda chini ya kwapa na kuukaza, nikakaa nyuma yake kumshika.

"Mnamwibia kaka yenu!" mama akapiga kelele kutoka juu ya jiwe, simu bado sikioni. "Mnaiba mchana kweupe!"

Tukateremka. Wifi alinishika paja, kucha zikaingia. Tulipovuka kijito chupa yake ikapasuka, maji ya moto yakanilowesha mimi na kiti na kila kitu. "Endesha," nikamwambia mdogo wangu kila alipotaka kugeuka kutazama, "endesha tu." Mkanda ulishika. Zahanatini hatukufika hata kitandani. Muuguzi alimpokea mtoto kwenye benchi la wagonjwa wa nje. Mtoto alilia kabla mwili wote haujatoka. Kitinda mimba akakaa sakafuni, akalia kumshinda.

Wifi alimtazama mwanawe, akamnusa kichwani, akafumba macho. Nikatoka nje ili aweze kulia bila shahidi.

Nikaomba ndoo na sabuni, nikaanza kuosha kiti. Damu na maji ya uzazi sikuyaonea kinyaa hata kidogo. Kava jeusi lilitakata upesi. Kilichokataa kutakata ni ule uzi wa njano. Ulikuwa umekunywa damu, na jina limevimba, linasomeka vizuri kuliko mwanzo. Nikatoa wembe, nikaanza kufumua herufi ya kwanza.

Mama alifika mchana, kwa miguu, na furushi la nguo za mtoto kichwani. Akaingia ndani, nikamsikia anamshukuru Mungu kwa sauti ya kweli, na moyo wangu ukalainika kidogo. Alitoka anacheka, uso umelowa machozi, simu mkononi.

"Kaka yako kapokea!"

"Kasema nini?"

"Kasema hakuna tabu, tunaweza kuichukua."

Nikamtazama kuona kama anatania. Hakuwa anatania.

"Nimemwambia mtoto atapewa jina lake," akaendelea. "Si kazaliwa kwa pikipiki yake?"

"Mama, ni msichana."

Akafikiri kidogo, akikunja uso kwa jua.

"Basi apewe la mkewe," akasema.

Ufunguo ulikuwa bado kifuani mwake, umbo lake linaonekana chini ya nguo. Nikatema mate pembeni, nikainama, nikaendelea kufumua.